Uongo Nilioubandika Chini ya Picha Zako

Baba,

Zile picha zako tatu zimefika Nairobi salama. Zimetundikwa kwenye ukuta mweupe wa makumbusho ya jiji, na mlinzi amewekewa kiti kando yake. Kabla hujatuaga ulitaka zionwe na watu, na kweli zinaonwa. Hapo nilikutii. Mengine naona haya hata kuyaandika.

Unakumbuka zilivyokaa kwetu Mogogosiek? Ulizitundika juu karibu na dari, pembeni mwa kalenda, na Mama akazifunika kwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe, kama vya viti, ili moshi usizile. Jumapili baada ya kanisa ulikuwa unafunua moja moja, wageni wakiwa na vikombe mkononi. Ukifika kwa ile ya mwanamke na ng'ombe unacheka: "Huyu mchoraji hajakamua hata siku moja." Wataalamu wanasema ilichorwa Ulaya zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Sikuwaambia ulivyomkosoa mchoraji wao.

Siku ya kuzikabidhi, mama mmoja wa makumbusho aliniuliza mbele ya watu wote wewe ulikuwa nani, na ulizipataje. Jibu lilikuwa fupi. Ulimpikia meneja Mzungu wa shamba la chai miaka ishirini na miwili, ukamuuguza alipougua, na alipokuwa akirudi kwao akakupa picha hizo na karatasi yenye sahihi yake. Lakini mimi, naibu mwalimu mkuu na tai yangu shingoni, nikakumbuka walivyoniita mtoto wa boi, mtumishi wa Wazungu, kule shule ya msingi. Ulimi hauna mfupa, Baba. Nikasema ulikuwa mfanyabiashara wa majani chai, mpenzi wa sanaa, na picha ulizinunua mwenyewe. Wakapiga makofi. Wakayaandika hayo kwenye kibao, chini ya jina lako.

Mama alikuwa ameketi mbele. Hakupiga makofi. Njiani kurudi nyumbani, tulipofika Bomet, akaniambia bila kunitazama, "Mimi niliolewa na mpishi. Huyo mfanyabiashara wako simjui."

Nimeona aibu, na si aibu yako, ni yangu. Vile vipande vya keki ulivyotuletea jioni kutoka jikoni kwa meneja, umevifunga kwenye leso, nilivila vyote na kulamba vidole. Kisha nikakukana mbele ya wageni.

Nikienda nyumbani Mama bado ananimiminia chai, lakini haketi nami. Anaweka kikombe, anarudi jikoni.

Nilipiga simu makumbusho nikaungama. Walisema kibao kitabadilishwa. Ila Jumamosi wanafunzi wa shule yangu wanakwenda kuziona picha, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwaeleza. Nilitaka kumtuma mwalimu mwingine, nisingizie homa. Nimeghairi. Nakuahidi nitasimama pale, mbele ya watoto wanaoniogopa, niwaambie kwamba baba yangu alikuwa mpishi, na picha hizi alipewa kwa wema wake.

Nilimwomba Mama tuende pamoja. Amekubali. Amesema atakaa nyuma, karibu na mlango, anisikie kwanza.

Kwaheri, Baba. Pumzika.

Mwanao,
Kiprono