Samaki wa Bwana Harusi

Nshambya, Bukoba. Alhamisi, Novemba 1987

Mvua ilianza kabla ya chai na haijakatika. Migomba imelaza majani, ziwa halionekani kabisa, na mimi niko ndani. Ni mke wa mtu. Nayaandika maneno hayo kwa sababu napenda kuyaona.

Mke wa Deusi.

Kwa desturi yetu bibi harusi hukaa ndani. Hashiki jembe, hachoti maji, hatoki mpaka siku atakapotolewa. Wanawake huja kumtazama na kumchekesha. Desturi haikumfikiria bibi harusi ambaye bwana harusi wake hayupo. Nimepakwa samli, ninanukia vizuri kweli, na wa kuninusa yuko kisiwani Muleba anapasua matumbo ya samaki.

Deusi ni bwana samaki, mtumishi wa idara ya uvuvi. Ofisi ilimpeleka huko kabla hata maua ya kanisani hayajanyauka. Kazi yake ni kupima sato na kutazama kama wana mayai, ili serikali ijue ni miezi gani ya kuifunga ile ghuba ndogo yenye matete ambamo samaki huzaa. Aliniambia mama sato huyabeba mayai mdomoni na hali kitu mpaka watoto waweze kuogelea. Alinisimulia hayo siku ya pili ya ndoa yetu, na nilimpenda mpaka machozi yakanitoka. Sijui wanawake wengine huambiwa nini siku ya pili ya ndoa. Mimi sitabadilishana nao.

Na matete yale si ya samaki peke yao. Yakikatwa, wimbi linaula ufukwe. Msimu uliopita wavuvi waliyafyeka wapate pa kuanikia dagaa, dhoruba ikaja, na vibanda vikaenda na maji.

Leo mchana amekuja Bi Zuhura. Ni Mwislamu wa hapa mjini, babu yake alitoka pwani, naye huenda visiwani kununua samaki wakavu na kuwashusha bandarini Kemondo. Ndiye mdomo wa mume wangu, huniletea maneno yake. Amekung'uta mwavuli, amekaa kwenye mkeka karibu na kitanda changu, akaanza kucheka kabla hajasema.

"Mumeo amedanganywa kwa upendo," amesema.

Kumbe ilikuwa hivi. Watu wa kisiwa walisikia kwamba bwana samaki ameoa juzi tu na amemwacha mke ndani. Wanawake wanaokausha samaki wakamwonea huruma. Bwana harusi, peke yake, apasue samaki kwa mikono yake? Kwa hiyo kila sato aliyemwagiza kwa ajili ya kipimo, walimtoa matumbo kwanza, wakamsafisha, wakamtia chumvi kidogo, ndipo wakampelekea. Deusi akapokea, akashukuru, akaandika: hakuna mayai. Wiki nyingi hakuna mayai. Mpaka alipopita nyuma ya vibanda akakuta watoto wanakaanga mayai ya samaki.

Nimecheka mpaka mama mkwe akaja kuchungulia. Halafu Bi Zuhura ameacha kucheka.

Vipimo vyote vya wiki hizo vimeharibika. Ofisi imemwambia inatosha, arudi Jumamosi na boti, wao watapanga miezi ya kufunga kwa kukisia, kwa kufuata upande mwingine wa ziwa. Walishafanya hivyo zamani. Amri ikaifunga ghuba wakati samaki hawana kitu tumboni, watu wakalala njaa bure, na walipofunguliwa wakaingia na kokoro, ule wavu unaokokotwa hadi pwani na kuzoa kila kitu, wakati mayai ndiyo yamejaa. Tangu hapo watu wa kisiwa hawaamini karatasi yoyote. Safari hii wamemwambia Deusi: tuonyeshe mayai kwa macho yetu, sisi wenyewe tutayaweka makokoro pembeni. Akiondoka sasa, hakuna atakayewaonyesha.

Anaweza kuomba abaki hadi mvua ziishe. Lakini uamuzi ameuacha kwangu.

"Amesema, muulize nyumbani," Bi Zuhura ameniambia. "Akisema rudi, nitarudi, na sitamlaumu. Hayo ndiyo maneno yake. Mimi narudi kisiwani leo alasiri, nataka jibu."

Mama mkwe alikuwa bado mlangoni. Mtoto wake wa kwanza alikwenda vitani na hakurudi. Wa pili alimuuguza mwenyewe, kwa ule ugonjwa ambao kila nyumba hapa inaujua na hakuna anayeutaja wakati wa kula. Kaburi lake linaonekana kutoka dirisha hili, kati ya migomba. Amebaki Deusi.

"Aje," amesema mama. "Samaki wana Mungu wao. Visiwa vile vinarudisha watu wembamba."

"Mama Deusi, mwanao analala kwenye kibanda cha mizani," Bi Zuhura amemjibu. "Ananuka matumbo ya sato kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuna mwanamke atakayemsogelea, labda paka."

Mama hakucheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa mno, kwa sababu hilo ndilo swali nililokuwa nalo kooni na sikujua mke anamuulizaje mwuza samaki.

Nikiri hapa, maana hapa hakuna wa kunitazama. Naogopa kama mama. Si dhoruba ninayoiogopa. Na nilitaka kusema aje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nimemwona tayari mlangoni, amelowa, anatafuta pa kuweka viatu.

Kisha nimemwona mwezi mmoja baadaye, amekaa hapa hapa, ananipenda, anatazama upande wa ziwa.

Nikasema, "Mwambie abaki hadi mvua ziishe."

Bi Zuhura ameniangalia. "Hilo tu?"

"Na uwaambie wanawake wa kisiwani kwamba nawashukuru, lakini mume wangu ana mke. Samaki wake wasimpasulie tena. Wamwachie matumbo yote."

"Hilo nitalisema mbele ya watu," amesema, akajifunga kanga yake ya mvua. "Bibi harusi una wivu wa kisayansi."

Ameondoka. Mara tu mlango ulipofungwa nilitaka kumrudisha. Nikasimama hadi kizingitini, nikashika mwimo wa mlango. Sijatolewa bado, siruhusiwi kuuvuka. Nikamsikia anakanyaga tope barabarani, kisha mvua tu.

Mama ameleta ndizi na maharage, akaviweka mbele yangu. Ameuliza jambo moja, kwa upole, na ingekuwa afadhali angefoka.

"Na akirudi mgonjwa, mwanangu, utawaambia nini hao samaki?"

Nilisoma mpaka kidato cha nne, naweza kuchora samaki na kumwandikia kila kiungo jina, na sikuwa na neno la kumpa mwanamke huyu. Amekula kidogo, ameondoa sahani, na sasa namsikia upande wa pili wa ukuta akikohoa na kugeuka, kama mimi.

Ninampenda Deusi kiasi kwamba mito miwili ya kitanda hiki inanitia aibu. Ninajua nilichofanya ni sahihi, na sijisikii vizuri hata kidogo. Je, nimesema abaki kwa ajili ya ghuba ile, kwa ajili yake, au ili siku moja aniambie kwamba nilikuwa mke hodari?

Keshokutwa boti itatia nanga Kemondo bila yeye. Ni mimi niliyesema asije, na bado nitausikiliza mlango.