Mkanda wa Pikipiki

Jumatatu, 4 Mei

Zoezi la tano la pikipiki. Kiwanja cha Loresho kimejaa matope, viatu vyangu vimeharibika tena. Kuzunguka koni, kuchora nane, kusimama bila kukimbilia kukanyaga chini. Nimezima injini mara nne. Nekesa hakuzima hata mara moja. Mwalimu Barasa akampigia makofi mbele ya watu wote.

Nekesa huyu alipoanza kazi kemisti, mimi ndiye niliyemwonyesha hata mlango wa choo. Miezi minane tu iliyopita. Alikuwa hatofautishi dawa ya kikohozi na ya minyoo. Sasa anapigiwa makofi.

Jumatano, 6 Mei

Niandike yote, nisije nikajidanganya baadaye. Daktari, mwenye kemisti yetu hapa Muthangari, amenunua pikipiki moja. Amechoka na watu wa boda wanaomwachia soja dawa getini na kukimbia. Anataka mtu wake wa kupeleka Lavington na Loresho, ampe mgonjwa mkononi na amweleze namna ya kumeza. Ametulipia mafunzo sisi wawili. Atakayetangulia kupata leseni, kazi ya pikipiki ni yake. Mwingine anabaki kaunta.

Nimesimama kaunta miaka sita. Miguu inavimba. Wateja nawajua kwa sauti, kwa kikohozi, na sijawahi kuona mlango wa nyumba ya hata mmoja. Naitaka pikipiki ile. Naitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume.

Nekesa ameanza kuiita "nduthi yetu". Yetu na nani?

Ijumaa, 8 Mei

Nimeswali adhuhuri nikaenda mjini, ofisi ya shule ya udereva, ghorofa ya tatu. Somo la bodi. Ni ubao mkubwa wa mezani uliochorwa barabara, mizunguko na vivuko. Unasogeza gari la kuchezea huku ukisema kila unachofanya, tangu kabla ya kuondoka. Vipikipiki vya kuchezea vilipotea zamani, kwa hiyo sisi wa pikipiki tunapewa kigari chekundu na kujifanya hakina milango.

Hapa niling'aa. Kiswahili changu cha Mombasa, nani atanigusa? Nekesa alikwama kwenye mzunguko. "Hii kitu inaingia hapa, alafu inatoka." Mwalimu akacheka. "Swabra ana mdomo, Nekesa ana mguu. Mngekuwa mtu mmoja ningewapa leseni leo."

Kisha akamwambia jambo kwa lugha yao ya Bungoma. Wakacheka wawili. Sikuambulia neno. Imenichoma mpaka sasa.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeota Nekesa ameanguka na pikipiki. Nimeamka na furaha. Astaghfirullah.

Jumatatu, 11 Mei

Nekesa ameendesha mpaka kwenye lami, gia ya tatu. Mimi bado niko na koni zangu. Nimezima mara mbili tu. Tuseme ni maendeleo.

Tumerudi kemisti, na mbele ya Daktari akaniambia, "Swabra, niandikie hayo maneno ya bodi na Kiswahili yako. Yangu itanifelisha." Daktari akafurahi, akasema ndivyo inavyotakiwa, tusaidiane. Ningekataaje?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sioni nilipopona.

Jumanne, 12 Mei

Nimemwandikia. Nyuma ya boksi la dawa ya vidonda vya tumbo, herufi kubwa, mistari kumi na miwili. Nakagua matairi. Navaa helmeti. Wa tatu ulitakiwa uwe: Nafunga kamba ya helmeti.

Nimeandika: Nafunga mkanda.

Mkanda, kama wa gari. Pikipiki haina mkanda, hata mtoto anajua. Lakini mtu anayekariri asichokielewa, na mbele yake amewekewa kigari, atasema tu. Mwalimu ametuambia mtahini husikiliza mwanzo. Ukianza na upuuzi hakupeleki barabarani.

Nimefanya makusudi. Nekesa akanishukuru, akaniletea chai na mandazi mawili. Nimekula yote mawili.

Ijumaa, 15 Mei

Tunafanya mazoezi stoo, mchana wateja wakipungua. Anataka nitangulie yeye afuate, kama watoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Siwezi kusema kamba naye anasoma mkanda. Basi nasema mkanda. Nakagua matairi, navaa helmeti, nafunga mkanda, nakunja stendi. Mara kumi leo. Jana mara kumi na tano.

Kila tukifika wa tatu ananitazama kidogo. Mimi natazama maboksi ya glavu.

Jumamosi, 16 Mei

Leo nimechora nane nzima bila kuzima. Mwalimu akasema nimeiva. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni Nekesa. Nikamchukia zaidi. Mtu akupende na wewe unamchimbia, hiyo nayo ni adabu?

Nilipata nafasi ya kumwambia tukiwa tunaosha viatu bombani. Tulikuwa wawili tu. Nikamwomba sabuni.

Jumanne, 19 Mei

Mtihani.

Nekesa aliitwa kwanza. Akatoka anafuta jasho. Sikumuuliza kitu.

Nikaingia. Mtahini ana miwani, mpole, hana haraka. Akanisukumia kigari. Nikasema kwa sauti, Kiswahili safi, bila kupumua. Nakagua matairi. Navaa helmeti. Nafunga mkanda.

Akavua miwani. "Madam, mkanda wa pikipiki umeuona wapi?"

Nikasema samahani, nikaomba kuanza upya. Akanikubalia. Nikaanza juu kabisa, polepole, najua ninachokwepa. Na nikausema tena. Ulimi ulishazoea. Nikasikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha.

Barabarani sikufika. Nekesa amepita bodi, amepita barabara.

Jumatano, 20 Mei

Amenifuata stoo, hajui afurahi au anipe pole. Nikamuuliza mstari wa tatu alisemaje.

"Kamba ya helmet. Vile Mwalimu alitufunza."

Na mkanda?

"Hiyo niliona siku ya kwanza. Nikajua umechanganya na ya gari. Sasa mimi nitaanzaje kukukosoa, na ni wewe umenifunza kazi? Nikasema kwa mtihani wewe huwezi kosea."

Wiki nzima alikuwa akikariri kosa langu kwa sauti ili asiniaibishe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bibi alikuwa akiisema kila siku, nami nikidhani ni ya watu wengine. Wivu wangu uko palepale, haujapungua hata kidogo. Sasa umepata aibu ya kukaa nayo. Sikumwambia ukweli.

Jumatatu, 25 Mei

Safari yake ya kwanza, vifurushi vitatu. Mikono ilikuwa imejaa, akaniinulia kidevu. "Nifungie."

Nikashika kamba ya helmeti. Nikaifunga, nikaikaza, na vidole vyangu vikiwa bado kooni kwake nikasema, "Ile ya mkanda sikuchanganya. Niliandika makusudi. Nilitaka ufeli."

Alivifunga vifurushi nyuma ya kiti. Kisha akauliza, "Hiyo nyumba ya Loresho, geti ni rangi gani?"

Nikamwambia kijani, mteja amesema kwenye simu. Akaondoka. Hakuzima injini.

Amerudi saa kumi, amehesabu dawa za kesho, hakunisemesha. Simlaumu. Wakati wa kufunga nimekuta lile boksi upande wangu wa kaunta. Mstari wa tatu umekatwa kwa kalamu nyekundu. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala upande: "Nafunga kamba ya helment."

Herufi moja, n, imezidi. Sijaigusa.

Narudia mtihani tarehe nne. Nimeusoma mstari ule mara ishirini, kwa sauti, vile vile alivyouandika.