Kitambaa cha Jenereta

Majengo, Nyeri
2 Juni 2024

Mama mpendwa,

Assalamu alaikum. Hujambo? Na goti? Mimi niko salama, ila baridi inaniuma masikio.

Mama, nimeanza! Nimeacha karakana ya watu, sasa niko na kazi yangu: nafanya sevisi ya jenereta za nyumbani, zile zinazojiwasha zenyewe stima ikipotea. Mteja wa kwanza ni Nyawira. Babake anapumua kwa mashine ya oksijeni, na stima ya huku unaijua, mvua ikianza tu, imeenda. Akiridhika, atanipeleka kwa majirani zake wote. Niombee.

Mwanao,
Raudha

Murang'a
9 Juni

Raudha mwanangu,

Waalaikumu salaam. Goti ni lile lile, linaringa. Ati fundi wa jenereta! Nimeambia soko lote, hata wasiouliza.

Pokea kifurushi. Nimeifumia jenereta ya Nyawira kitambaa cha sufu, kizito, chenye maua, kama vile vya viti vyetu. Isishikwe na baridi ya Nyeri. Mwambie ni zawadi ya mamake fundi.

Mamako

Majengo
30 Juni

Mama,

Assalamu alaikum. Samahani nimekawia.

Jumanne stima ilipotea. Jenereta ya Nyawira ikawaka, ikapata moto sana, ikazima. Mashine ya mzee ikanyamaza. Alhamdulillahi kulikuwa na mtungi wa akiba, lakini Nyawira alilia kwenye simu, na mimi nikalia. Amesema atatafuta fundi mwingine. Makosa ni yangu.

Vitambaa vingine usifume kwanza.

Raudha wako

Murang'a
7 Julai

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Goti nimelisahau.

Hata jiko la makaa ukilifunika linakufa. Ni kitambaa changu, sivyo? Na wewe fundi ulijua, ukaifunika jenereta nacho kwa sababu tu nimekifuma mimi. Raudha, mimi nitanuna kidogo, ninywe chai, yaishe. Mzee wa watu angenunua pumzi wapi? Siku nyingine nikatalie.

Sasa kifue kitoke harufu ya dizeli, urudi kwa Nyawira, umwambie kweli yote. Kitambaa mpe babake aweke magotini. Mwenye kusikia baridi ni yeye.

Nakupenda, mjinga wangu.

Mamako

Majengo
21 Julai

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Goti limeamkaje?

Nilienda. Nyawira alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha. Nilipofika kwa habari ya maua yako, mzee akaita kutoka ndani, "Mwache aingie, mimi nasikia baridi!"

Jana stima ilipotea tena. Nilikimbia huko bila kuitwa. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba, haina nguo. Mzee amesinzia kitini, maua yako magotini, anapumua vizuri. Nyawira akanimiminia chai, akasema nirudi mwezi ujao.

Jirani yake Phyllis naye ananitafuta. Ako na jenereta mbili, Mama. Nakukatalia mapema: usimfumie kitu.

Sufu ikibaki, nifumie mimi kofia. Masikio bado yananiuma.

Mwanao,
Raudha