Mashine ya Randa Imekubali Stima ya Nyumba

Alhamisi. Baridi imeshika Nyeri tangu asubuhi, na mlima haujaonekana hata kidogo. Lakini mimi nimetoa koti.

Mashine imekubali.

Naandika na kidole kimoja. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kwa mbao, kutoka hapa mpaka Kutus, hakuna mtu wa kunifundisha. Hiyo naisema bila haya.

Shida nilijiletea mwenyewe. Kanisa letu la Endarasha lilitaka kununua viti vya plastiki. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, mimi Gathogo nikiwa hai hakuna mtu atakalia plastiki hapo. Mabenchi kumi na mawili ya saiprasi, mwisho wa mwezi. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimenunua mashine kubwa ya randa kwa familia moja ya Wahindi waliofunga karakana yao mjini.

Sikuuliza inakula stima gani. Kumbe inataka ya laini tatu, ile ya viwanda. Kwangu iko laini moja, ya taa na redio.

Sikushtuka. Nilifunga kamba kwa puli nikavuta, vile zamani tulikuwa tunaamsha kinu cha dizeli. Ikaamka. Nikaita mke wangu Wanjira aje aone. Kuingiza ubao tu, ikanguruma, ikasimama, mota ikaanza kunuka. Siku nyingine nilizungusha kamba vibaya, ikaenda kinyumenyume.

Wiki tatu nilivuta hiyo kamba. Bega bado linauma.

Wanjira aliniambia niite Salim wa Majengo, fundi wa kusuka mota. Nikakataa. Salim nilishamwambia mbele ya watu ati kusuka waya si ufundi, ni kazi ya kushona sweta.

Leo asubuhi niliangalia rundo la mbao ambazo hazijaguswa, nikaona akilini zile plastiki zikiingia kanisani. Nikampigia.

Alikuja na kisanduku cha kugeuza stima ya laini moja iwe tatu. Akafungua mota, akahamisha vipande vitatu vya shaba ndani ndio ikubali nguvu ya nyumba. Halafu akaona kamba.

"Mzee Gathogo, ulikuwa unaivuta kama ng'ombe amekataa kuingia dipu ya dawa ya kupe?"

"Nilikuwa nakupashia moto," nikamjibu.

Akabonyeza. Iliamka polepole, bila kelele. Nikaingiza ubao, ikaumeza. Nikaingiza mwingine. Kufika saa kumi maranda yalikuwa yamenifika magoti, na Wanjira alikuwa amempa Salim chai kabla yangu.

Mabenchi yatafika. Leo hata bega nimelisahau.

Ubao wa benchi la kwanza nimechonga jina langu mbele, kama kawaida. La Salim nimeliandika chini yake, kwa penseli.

Sasa nimekaa hapa najiuliza kama penseli inatosha.