Baiskeli Kwenye Malisho ya Babu Hoskie

Gallup, 6 Mei 1996

Kwa Bibi Nanabah,

Shikamoo bibi. Natumai barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na kondoo wamezaa salama. Mimi na mama hatujambo. Mama bado yuko zamu hospitalini, anakusalimu, na anauliza kama dawa zake unakunywa wewe au unampa mbwa.

Bibi, nina jambo. Bwana Randall, mwenye duka la baiskeli ninakofanya kazi, amekubali niongoze msafara wa wageni kwa baiskeli. Tutaanzia kule juu kwenye milima ya Chuska, kwenye msitu wa misonobari, tupite kambi yako ya kiangazi, tushuke hadi chemchemi ya Babu Hoskie, kisha tuteremke kati ya ile milima myekundu yenye vichwa bapa ya Lukachukai, mpaka ukingo wa Korongo la Chelly. Hakuna njia nzuri kama hiyo, na wanaoijua ni sisi tuliochunga kondoo huko.

Tatizo ni baraza la kabila letu. Wanataka wenye malisho wakubali kwanza, yaani wewe na Babu Hoskie. Najua hamsemeshani. Lakini baba ananiita Wyoming kwenye visima vya mafuta, na msafara huu usipofanyika nitakwenda. Sitaki, ila mtu hawezi kuziba pancha maisha yake yote.

Ile baiskeli yangu ya zamani iache tu bandani. Usiipe kuku.

Mjukuu wako,
Leander


Kambini, 20 Mei

Mume wangu mdogo,

Mimi sijambo. Magoti yanalalamika lakini siyasikilizi, kama ninavyomfanyia mama yako. Dawa nakunywa mwenyewe. Mbwa hazipendi.

Habari ya wageni wako nimeisoma mara mbili nikidhani miwani imenidanganya. Watu wanatoa pesa ili wapande mlima kwa jasho lao, walale chini na kunyeshewa? Mimi nimefanya hivyo tangu utotoni na sijaona aliyenilipa. Haya, wapite. Wasinitishie kondoo, na asinipige picha mtu nikiwa na kitambaa cha kazi kichwani.

Hoskie simwombi kitu. Yeye ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, lakini siku ya maonyesho ya wafumaji alipofanywa mwamuzi alilishika zulia langu, akalipindua, akalinusa, akalipa nafasi ya pili. Ya kwanza akampa shemeji yake, ambaye pembe za zulia lake hazikutani hata kwa kuandikiana barua. Tangu hapo tukionana dukani mimi naangalia unga, yeye anaangalia misumari. Mwandikie mwenyewe.

Na hiyo Wyoming, baba yako alisema anakwenda msimu mmoja. Wewe ulikuwa hujaota meno.

Bibi yako,
Nanabah


Gallup, 1 Juni

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi silali vizuri, na sababu utaiona.

Nilimwandikia Babu Hoskie kurasa mbili za heshima. Amenirudishia barua yangu ileile, nyuma yake ameandika: "Mwambie dada yangu aje aniombe kwa mdomo wake. Anao mkubwa wa kutosha." Samahani bibi, mimi ni mpiga mbiu tu.

Bwana Randall naye ameshapokea wageni kabla ya ruhusa. Kuna jaji mstaafu, Mama Harriet wa Chicago, kuna daktari wa meno, na wengine. Wameshanunua hata kaptula zenye godoro matakoni. Baraza linakaa katikati ya mwezi huu. Bibi, nakuomba. Si lazima umpende, mwombe tu.

Mjukuu wako anayekutegemea,
Leander


Gallup, 24 Juni

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Barua yangu ya mwanzo wa mwezi hujaijibu. Mama anasema labda umenuna, mimi nasema bibi akinuna ndipo anapoandika zaidi.

Halafu leo asubuhi karani wa baraza amenipigia simu dukani. Ruhusa imepita! Anasema Babu Hoskie alisimama mwenyewe kunitetea, na watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Nikamuuliza walicheka nini, akasema nikuulize wewe. Pikapu yako ni mbovu na farasi ameshazeeka. Ulifikaje kwa babu? Au hukufika? Nijibu hata mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Leander


Chemchemini kwa Hoskie, 1 Julai

Mume wangu mdogo,

Huu si mwandiko wangu, na ukiona makosa si yangu. Naandikiwa na Hoskie. Mkono wangu wa kulia umefungwa plasta nyeupe, ngumu kama mguu wa meza. Usimwambie mama yako. (Nimeshamwambia. Hoskie.)

Ilikuwa hivi. Barua yako ya pili ilinikosesha raha. Nikasema, mtoto huyu akienda Wyoming hatarudi, na mimi nitabaki kugombana na mbwa. Pikapu haikuwaka. Farasi nikamwekea tandiko, akalala chini. Nikaitazama baiskeli yako bandani.

Usicheke. Kuendesha najua. Tulipokuwa shule ya bweni tulikuwa tukiiba ya mpishi. Msituni nilikwenda vizuri kabisa, hata nikaimba. (Tulimsikia. Ng'ombe walikimbia.) Lakini kile kilima cha kushukia chemchemini, mume wangu, breki zako zilishika kama ahadi za mgombea. Nilipita mti, nikapita mbwa wa Hoskie, nikapita Hoskie mwenyewe amekaa anakunywa kahawa, nikaingia ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe.

Akaja taratibu na kikombe chake. Miaka yote ile hatujasemezana, neno lake la kwanza likawa hili: "Mlango wa nyumba zetu uko mashariki siku zote, Nanabah. Wewe umeingilia magharibi."

Nikamwambia nimo majini, "Mjukuu wetu anataka njia."

"Hii uliyopita?"

"Hiihii."

Akafikiri. Akasema, "Basi kwanza atengeneze breki."

Halafu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, ndipo nikasikia mkono unauma. Akanipeleka zahanati, akarudi nami kwake. Ananipikia. Uji wake wa mahindi ya bluu unaweza kushikilia matofali. (Anaumaliza.) Kwenye baraza aliwaambia kwamba dada yake mwenye plasta amepita njia ile na amefika, kwa hiyo mwenye swali aulize sasa. Ndicho walichocheka.

Habari ya zulia hatujaigusa. (Lilikuwa zulia zuri.) Mwache huyo, anaandika asichotumwa.

Walete wageni wako. Nitarudi kambini wiki ijayo, na huyu karani wangu anasema atakuwepo kunichotea maji.

Bibi yako,
Nanabah
(na babu yako aliyechoka mkono)


Gallup, 14 Agosti

Kwa Bibi na Babu,

Shikamooni nyote. Natumai plasta imetolewa, na hamjaanza kuangalia unga na misumari tena.

Asanteni kwa usiku ule kambini. Daktari wa meno bado anazungumzia mchuzi wa kondoo zaidi kuliko korongo lenyewe. Ila yaliyotupata baada ya kuagana kwenye chemchemi hamkuyaona, ndiyo nawaandikia.

Babu alisema mvua dume, ile ya radi na mafuriko, itakuja alasiri, nami nikajifanya mjuzi nikasema tutaiwahi. Ilitukuta chini ya miamba myekundu. Mnaujua ule udongo. Baiskeli zilijaa tope mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka, tukazibeba mabegani kama ndama wagonjwa. Daktari akakaa katikati ya njia akaanza kulia. Mama Harriet akamsogelea, nikadhani atambembeleza. Akamwambia kwa sauti ya mahakamani, "Fenwick, simama, umekalia mkate." Kweli alikuwa ameikalia, ile mikate ya kukaanga uliyotufungia, bibi. Tukalala chini ya mwamba, tukaila hivyohivyo imebonyea, na ilipokatika mvua maporomoko yakaanza kushuka kila upande wa mlima, mengi, mekundu. Wote wakasimama kwenye tope wakitazama juu. Niliogopa kwamba nimeharibu kila kitu, kumbe hicho ndicho walichokuja kukiona.

Tulifika Chelly siku moja baada ya ahadi. Wameniandikia barua nzuri wote.

Sasa sehemu mbaya. Bwana Randall amefurahi kupita kiasi. Mwakani anataka misafara kiangazi kizima, lakini itaongozwa na kijana kutoka Colorado mwenye vyeti vya uongozi. Mimi nitaendesha gari la mizigo. Na anataka picha ya bibi kwenye tangazo. Nilimwambia njia ile nimeitafuta mimi. Akasema njia haina mwenyewe.

Baba alipiga simu jana. Nafasi bado ipo, nimjibu kabla ya mwezi ujao kwisha. Nadhani nitakwenda.

Mjukuu wenu,
Leander


Kambini, 5 Septemba

Mume wangu mdogo,

Mwandiko huu ni wangu, ndiyo maana umepinda. Mkono umetoka kwenye plasta, mwembamba kama wa kuku. Sote hatujambo.

Randall wako alikuja. Kibali cha baraza ni cha mwaka mmoja, kwa hiyo alitaka sisi tuweke sahihi upya, safari hii kwa jina la duka lake. Alikuja na keki. Tukamkaribisha, tukamlisha, tukaila keki.

Halafu akaanza kueleza. Hoskie, aliyekaa jeshini na kutukana makoplo kwa Kiingereza safi, siku hiyo hakukijua hata cha kuombea chumvi. Ikabidi mimi niwe mkalimani. Randall akasema maneno mengi kuhusu maendeleo. Hoskie akamjibu kwa lugha yetu, akaeleza kirefu sana, kwa huzuni na kwa mikono yote miwili, jinsi jino lake la nyuma linavyomsumbua akinywa kahawa. Alipomaliza nikamgeukia Randall nikamwambia, "Anasema hapana."

Yule bwana akauliza, maneno yote yale ni hapana tu? Nikamwambia lugha yetu ina adabu.

Akasema basi yupo tayari kukutoa kwenye gari la mizigo, uwe msaidizi wa yule kijana wa Colorado. Hapo Hoskie akakumbuka Kiingereza. Alisema polepole, bila hasira: "Huyo wa Colorado akipotea hapa, hatutajua amepotelea wapi. Leander tunajua anapokosea, tulikuwepo tangu anaanza kukosea. Njia tulimpa yeye."

Randall aliondoka na sahani tupu. Kesho yake Hoskie akanipeleka barazani, tukaandikisha kibali cha mwakani. Kina jina lako tu. Na picha yangu sitoi. Mimi si korongo, sitazamwi.

Usidhani tunakufunga kamba. Ukiipenda Wyoming, nenda. Lakini usiende kwa sababu mtu mmoja amekuambia njia haina mwenyewe.

Bibi yako,
Nanabah


Gallup, 16 Septemba

Bibi na Babu,

Shikamooni. Barua yenu nimeisoma dukani nimesimama, nikacheka mbele ya wateja, kisha nikaenda stoo kwa muda kidogo.

Nimeacha kazi. Randall alinuna siku mbili, siku ya tatu akaniuliza kama nitahitaji kukodi baiskeli, maana bila njia zitakaa zikiota kutu. Tumeelewana. Mama Harriet anarudi mwakani na wadogo zake wawili. Daktari Fenwick naye anarudi, ameomba safari hii mkate abebe mtu mwingine.

Jambo gumu lilikuwa baba. Nilimpigia nikamwambia siji. Nikasikia mitambo ya huko inanguruma nyuma yake. Nilijua atasema mimi mpumbavu. Badala yake akaniuliza kama ile miti ya chemchemini bado ipo. Nikasema ipo. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama njia yangu inapitika kwa mtu mzima mwenye kitambi ambaye hajapanda baiskeli tangu aoe. Nikamwambia bibi amepita.

Anakuja mwezi ujao, bibi. Anasema ni wiki mbili tu, lakini mama ameshaanza kupaka chumba rangi. Anaogopa jambo moja. Anasema mila haimruhusu kukutazama mkwewe usoni, na njia inapita mlangoni kwako. Nimjibuje?

Mjukuu wenu,
Leander


Kambini, 25 Septemba

Mume wangu mdogo,

Hatujambo. Theluji bado, lakini kondoo wameanza kutazama bonde, na sisi tutawafuata baba yako akishapita.

Mila ni mila. Sijamtazama mkwe wangu tangu siku ya harusi, wala sitaanza uzeeni. Lakini hakuna mila inayosema asile. Nitamwachia mchuzi jikoni, Hoskie atampakulia.

Mwambie aje. Mwambie akifika kwenye ile kona ya misonobari kabla ya kambi apige kengele kwa nguvu, ili nipate nafasi ya kugeuka niangalie mlima. Na asipite haraka. Nataka kumsikia vizuri.

Bibi yako,
Nanabah