Makapu ya Bernadeta

Jumatatu, 4 Julai 1938

Mahesh, msimamizi wetu, amempa Bernadeta nafasi yangu ya mlangoni, penye mwanga. Bernadeta! Zuzu niliyemleta ghalani mwenyewe kwa mkono, watu wakicheka. Sasa anachambua pamba kutushinda wote. Safi kulia, fifi, ile chafu, kushoto. Kimya kutwa. Mimi nimeharibu kapu zima — nilikuwa nagombana na Achola, mchambuaji mwenzangu, nikasahau kapu lipi ni lipi. Kichwa changu siku hizi mtungi uliotoboka. Mahesh akasema bibi akapumzike nyuma. Apumzike! Nani kamwambia nimechoka?

Jumatano, 6 Julai

Achola akapaza sauti, eti bibi, mwanao kakupindua! Nikamwambia midomo yake ingekuwa vidole, angelijaza ghala. Wakacheka. Nami nikacheka, moyo unaungua.

Bernadeta akiniona huja mbio: shikamoo bibi. Akipita tena: shikamoo bibi. Leo sikuitika. Akasimama palepale, pamba mkononi, akingoja marahaba yake. Nikaitika. Ningefanyaje?

Yeye hana hasira, ndiyo maana kazi inakwenda. Mimi hasira inanishika mpaka vidole. Namwonea wivu, basi! Marehemu mume wangu, aliyenifundisha herufi kwa mkaa ukutani, asingeyapenda haya.

Ijumaa, 8 Julai

Vibarua wamefagia ghala, wakarudisha makapu kinyume. Fifi kulia. Bernadeta akakaa, akachukua pamba, mkono ukaganda hewani. Akalia. Kutwa hakuchambua hata konzi moja. Mahesh akasema labda mapepo; kesho akiwa hivihivi, arudi kwao.

Kwao wapi? Mama yake tulimzika Nyegezi. Tangu hapo anakula kwangu.

Ni makapu tu. Kuyageuza, basi. Mimi peke yangu ndiye niliyeona — na mdomo nikaufunga. Mahesh akaniita mlangoni, nikaenda. Mwanga mzuri! Sikukosea hata mara moja.

Jumamosi, 9 Julai

Bernadeta kaja kunywa uji kama kawaida. Macho yamevimba. Shikamoo bibi. Sikumwambia afanye kazi, lakini kauvuta ungo wa maharage, anachagua. Mabovu kushoto. Mazuri kulia.

Kulia kwake nimekaa mimi. Kila punje nzuri inakuja magotini pangu.

Filimbi ya ghala hiyo, imelia. Ameinuka. Amenyoosha mkono nimshike, twende. Mimi bado naandika — na yeye bado kaunyoosha.