Ng'ombe wa Mama Kwenye Makala Yangu

Mjukuu wangu Wakio,

Huku Werugha tu wazima. Ukungu umekataa kuondoka, na babako amemaliza kupanda kabichi. Barua hii nimeianza mara tatu nikiinuka kuzungukazunguka, kwa sababu ya swali lako.

Unauliza kwa nini nilichelewa kuchapisha utafiti wangu wa jeni za kinga. Sikuchelewa. Makala ya kwanza ilishakubaliwa, nikaiondoa mwenyewe.

Miaka ya sabini nilipima damu ya ng'ombe wa maboma matatu karibu na Voi, waliostahimili ugonjwa wa mbung'o. Wote walikuwa na jeni ileile moja. Nikaandika kwamba ng'ombe hawa hawana undugu, kwa hiyo jeni hiyo ndiyo inayowakinga.

Nikamwonyesha mama picha zao. Akasema, "Hawa wote ni wajukuu wa ng'ombe wangu mmoja. Niliwaweka kwa watu."

Ndugu lazima wafanane damu, ugonjwa uwepo usiwepo. Nami ni Mtaita, najua mifugo huwekwa kwa jamaa wa mbali, na anayekufugia hamwambii mgeni ni ya nani. Ila nilienda pale na koti jeupe, nikajibiwa kama mgeni.

Profesa wangu alisema niiache makala ichapishwe tu, nani huko ng'ambo angejua?

Mpaka leo sijui kama jeni ile iliwakinga kweli, na haijaniacha nitulie. Sasa unasema makala yako unaituma Ijumaa. Hiyo damu unayopima, umeuliza imetoka kwa nani?

Nijibu kabla hujaituma.

Nyanya yako